Mwenye alsa na sonona asiachiwe duka la dawa

Katika miji ya Busia na Malaba, duka la dawa aghalabu liko karibu na mwananchi kuliko zahanati. Jambo hilo lina manufaa yake, wala hatukusudii kuwalaumu wenye maduka, ambao mara nyingi ndio wanaogongewa mlango usiku mtoto akiwaka homa. Lakini liko kundi moja la wagonjwa ambalo ukaribu huo unaliponza. Ni la wale wanaougua tumbo kwa miaka na miaka huku wakimeza dawa za sonona, yaani ile huzuni nzito inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na hata sababu ya kuamka asubuhi.

Wagonjwa hawa wapo Bukhayo, kuanzia Nambale na Matayos hadi mpakani. Hawaonekani kwa kuwa wao wenyewe hutaja ugonjwa mmoja tu. Alsa haina aibu. Mtu husimama sokoni akawaambia majirani kwamba maharagwe yamemshinda, nao wakampa pole na kumshauri anywe maziwa (ushauri ambao, tuseme kwa kupita, hauponyi kidonda hata kimoja). Sonona haitajwi. Anayeonekana kwenye foleni ya kliniki ya akili hurejea kijijini akiwa keshapewa jina. Basi afikapo dukani hutaja tumbo, au mgongo, au kichwa, na zile tembe anazomeza kila siku akazificha. Muuzaji naye humpa dawa iliyo sahihi kwa maradhi aliyoambiwa.

Hapo ndipo penye hatari. Fluoksetini, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na nyingine za jamii yake, hutenda kazi kupitia kemikali ya mwili iitwayo serotonini. Takriban asilimia 90 ya kemikali hiyo haimo kichwani bali matumboni. Isitoshe, zile chembe zinazosaidia damu kuganda huihitaji, na dawa hizi huzipunguzia akiba yake. Mtu akiongeza juu yake diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, ambazo hudhuru ukuta wa tumbo, uwezekano wa kuvuja damu tumboni hupanda kuliko ambavyo ungepanda kwa dawa moja peke yake. Na ni nani wanunuzi wa diklofenaki mpakani? Ni mpakuzi wa magunia anayeumwa kiuno, ni dereva wa lori aliyekesha kwenye foleni ya Malaba, ni mama aliyebeba mahindi kichwani tangu alfajiri. Choo kikiwa cheusi kama lami, au matapishi yakiwa na damu, huo si wakati wa kutafuta duka. Mgonjwa akimbizwe hospitali.

Tramadoli ni hatari kwa namna nyingine: ikichanganywa na dawa hizi inaweza kuzidisha serotonini mwilini hadi mtu akatetemeka, akapandwa na joto na kuchanganyikiwa, au akapata kifafa. Hata omeprazoli, ambayo ni rafiki wa tumbo na ambayo madaktari huitoa makusudi ili kumkinga mgonjwa wa aina hii asivuje damu, yataka uangalifu. Huichelewesha sitalopramu kutoka mwilini, na ndiyo sababu mtu anayetumia zote mbili hapaswi kuzidisha miligramu 20 za sitalopramu kwa siku. Mambo haya hayamtakii mgonjwa aache dawa. Yanataka awepo mtu mmoja anayezijua zote.

Tatizo jingine ni la kalenda. Kichefuchefu na kuhara vinavyoletwa na fluoksetini huja katika siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Nafuu ya moyo huchukua wiki mbili hadi sita. Mwenye tumbo zima huvumilia. Mwenye alsa ya miaka mitano, ambaye hakuelezwa lolote, huamua siku ya nne kwamba tembe hizi zimekuja kummaliza, akazitupa chooni. Wengine huzitumia miezi kadhaa kisha wakazikatiza ghafla, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu kipya ambacho nacho hudhaniwa kuwa alsa. Maneno machache ya mhudumu yangetosha: anza na kipimo kidogo, meza pamoja na chakula, usiache bila kurudi kwetu.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kuwa vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na mwaka 1984 Marshall akamnywa mwenyewe ili kuthibitisha madai yao. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Licha ya hayo, hadi leo mgonjwa mwenye huzuni akilalamikia tumbo huambiwa apunguze mawazo, pasipo kupimwa bakteria anayetibika kwa majuma mawili ya dawa. Upande wa pili yupo ambaye vipimo vyake havionyeshi kidonda chochote, ilhali tumbo humsokota, hufunga choo leo na kuhara kesho. Huyu huambiwa hana ugonjwa. Yote mawili ni dhuluma.

Huyu wa pili ana ugonjwa halisi, na dawa ya zamani ya sonona inaweza kumfaa. Mwaka 2023 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 463, ukaonyesha kuwa amitriptilini kwa kipimo kidogo, miligramu 10 hadi 30, iliwapa nafuu ya matumbo kuliko tembe zisizo na dawa. Ni kweli kwamba amitriptilini hufunga choo, hivyo haimfai kila mtu. Lakini ni tembe ya bei nafuu, na mgonjwa anayepewa bila maelezo huenda akasikia kwamba ni dawa ya wendawazimu, akakataa.

Mpaka nao huongeza utata. Mtu hutibiwa Busia, akanunua dawa Tororo kwa jina jingine la kibiashara, akajikuta anameza dawa ile ile mara mbili. Jina halisi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile la kampuni, na ndilo linalopaswa kusomwa.

Serikali ya Kaunti ya Busia haiwezi kusema haihusiki. Huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezibebesha kaunti wajibu wa kutoa tiba hiyo katika vituo vyao. Wala hatudai jambo lisilowahi kuonekana. Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo vya Marekani, ulifika hadi Busia kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi, na kumbukumbu za wagonjwa wake zikahifadhiwa katika kompyuta. Kilichowezekana kwa Ukimwi, tena wakati unyanyapaa wake ulipokuwa mkali kuliko huu wa sonona, hakiwezi kuitwa ndoto leo.

Twapendekeza kwamba kliniki ya akili na ile ya magonjwa ya kawaida zitumie faili moja, na kwamba mgonjwa apewe daftari lenye orodha ya dawa zake zote kwa majina halisi, atembee nalo pande zote mbili za mpaka. Kwa sasa, mgonjwa atie tembe zote alizo nazo katika mfuko mmoja, azifikishe kwa mhudumu siku ya kliniki na kuzitandaza mezani, zile za tumbo na zile za moyo. Naye muuza dawa, kabla ya kupokea pesa ya diklofenaki, aulize kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: ni dawa gani nyingine unameza kila siku?