Nani Astahili Kutibiwa Unene kwa Fedha za Umma?

Tangu zamani mtu aliyenenepa akipita njiani husalimiwa kwa heshima, na watu hunong'onezana kwamba mambo yake yamenyooka. Kitambi kilikuwa hati ya mali, na mke mnene alikuwa ushahidi kwamba mumewe hamnyimi. Fikira hizo hazijatutoka. Hata leo, huko Nduruma na katika vijiji vingi vilivyo chini ya Mlima Meru, mtu akikonda huulizwa ana ugonjwa gani, na akinenepa hupewa pongezi. Lakini waganga watuambia habari nyingine. Yatupasa kuwasikiliza, kwa maana swali lililo mbele yetu si la sura ya mtu. Ni la uhai wake, na tena ni la fedha za wananchi.

Na tuanze na hesabu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na kati ya hao 28, kumi walikuwa wamefikia unene ambao waganga wauhesabu kuwa ni maradhi. Kabla ya hapo, uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika watu wazima wa miaka 25 hadi 64, watu tisa katika kila mia walikuwa na ugonjwa wa kisukari, na mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu. Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya mabwana wa mjini peke yao. Mchuuzi wa soko la Kilombero aketiye penye meza yake tangu alfajiri, dereva wa basi, karani, hata mkulima aliyeacha kutembea kwa kuwa bodaboda imemfikia mlangoni, wote wamo.

Kwa walio wengi dawa yajulikana: kupunguza sukari, mafuta na wanga, na kuurudisha mwili kazini. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiongoza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, hakuchoka kuwaonya wananchi juu ya jambo hilo, hata wengine wakamfanyia mzaha. Mwezi Mei 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kwa Kanda ya Afrika. Tungelimsikiliza mapema, nusu ya makala hii isingelihitaji kuandikwa.

Lakini wapo ambao onyo limewakuta wamekwisha zama. Mtu mwenye kilo 110, magoti yamekwisha, kisukari hakishikiki kwa vidonge, usingizini pumzi humkatika. Huyo kumwambia apunguze chipsi ni sawa na kumfundisha kuogelea mtu anayezama. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo, elimu ya uganga imevumbua upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Huko Sweden wataalamu waliwafuatilia maelfu ya watu wanene tangu mwaka 1987, wengine wamepasuliwa na wengine hawakupasuliwa. Mwaka 2007 walitangaza kwamba katika waliopasuliwa vifo vilikuwa vichache zaidi. Basi upasuaji huu si urembo. Ni tiba, kama ilivyo tiba kuondoa jiwe katika figo.

Habari njema ni kwamba tiba hii haiko ng'ambo tu. Katika miaka hii ya karibuni, Hospitali ya Muhimbili tawi la Mloganzila imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni, nao upasuaji wenyewe umekwisha fanyika hapo. Yafaa tutenganishe mambo hayo mawili. Puto huingizwa kwa njia ya kinywa bila kisu, hukaa miezi michache, kisha huondolewa. Upasuaji ni wa maisha. Aliyepasuliwa hula kidogo kidogo siku zote, humeza vitamini na madini mpaka mwisho wa umri wake, na damu yake hupimwa kila baada ya muda.

Sasa laja swali lenyewe. Ikiwa tiba ipo, nani ailipie? Na ikiwa umma ndio utakaolipa, nani astahili?

Wenzetu wa Uingereza, ambao huduma yao ya afya hulipiwa na kodi tangu mwaka 1948, wamekwisha kulijibu swali hilo kwa maandishi. Wao huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 40, mtu aweza kupelekwa kwa wataalamu wa upasuaji. Likiwa baina ya 35 na 40, yampasa awe pia na ugonjwa mzito utakaopata nafuu akipungua, kama kisukari au shinikizo la damu. Tena yampasa akubali kufuatiliwa na waganga kwa muda mrefu. Kwa mfano, mama mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 60 hufikia 40 akiwa na kilo 102 na ushei, na hufikia 35 akikaribia kilo 90.

Lipo jambo jingine ambalo sisi Waafrika hatuna budi kulishika. Mwaka 2023 Waingereza hao walirekebisha kanuni zao, wakaagiza kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika na ya Asia vipimo hivyo vishushwe kwa 2 na nusu, kwa sababu miili yao hupatwa na madhara mapema zaidi. Maana yake ni kwamba mama yule angefikiriwa akiwa na kilo 96. Ikiwa Mwingereza amekiri kwamba kipimo chake hakimfai kila mtu, itakuwa ajabu sisi tukichukue kizima kizima na kukibandika ukutani kwetu.

Na turudi nyumbani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali, mtumishi akikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza asilimia 3. Mwananchi wa kijijini alifunguliwa mlango wa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baada ya kuboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu sita ilitoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Lakini kadi hiyo ilikuwa na mwisho wake. Ilimpeleka mtu wa Nduruma mpaka Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, ikasimama hapo. Mloganzila iko zaidi ya kilometa 600 kutoka hapo. Ndiyo sababu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, wananchi walifurahi. Lakini neno "wote" lina uzito. Haliwezi kuwa na maana ya kwamba wote watachangia, kisha wachache wanaojuana na wakubwa ndio watibiwe.

Twajua watakaotupinga. Watasema: zahanati hazina dawa za kutosha, akina mama wajifungua kwa taabu, nanyi mwataka fedha zipelekwe kwa walioshiba? Hoja hii ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Mwenye kugawa chakula kidogo humwanza mtoto. Twakubali kwamba uzazi salama, chanjo, na vidonge vya kisukari na vya shinikizo la damu vitangulie. Lakini tusidanganyane kwamba kumwacha mgonjwa huyu bila tiba ni bure. Kisukari kilichomshinda kitampeleka kukatwa mguu, au kitamharibu figo, awe wa kusafishwa damu kila wiki kwa mashine. Gharama hiyo nayo twailipa sisi sisi. Kisichozibwa ufa hujengwa ukuta.

Wengine watasema kwamba mnene amejitakia. Sisi twauliza: kijana aliyeanguka na pikipiki kwa kukimbiza mno, je, mganga humwuliza mwendo wake kabla ya kumfunga mfupa? Hospitali si baraza la kuhukumu tabia. Isitoshe, unene hautokani na ulafi tu. Umo katika damu ya ukoo, umo katika dawa fulani fulani, na umo katika umaskini wenyewe, kwa maana kisahani cha chipsi na chupa ya soda hushibisha upesi kwa fedha kidogo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, wenye mamlaka waandike masharti ya kustahili tiba hii kwa fedha za bima, wayaandike kwa Kiswahili, na wayabandike katika kila zahanati, ili mtu wa Nduruma ayasome kama anavyosoma bei ya mbolea. Sharti lisiloandikwa hugeuka kuwa upendeleo. Pili, masharti yapime maradhi, wala si mfuko wa mtu. Uzito peke yake usitoshe. Utazamwe pamoja na kisukari, shinikizo, pumzi na viungo, na mgonjwa awe amekwisha jaribu kwa dhati njia ya chakula na mazoezi chini ya uangalizi. Atakaye kupunguzwa kwa ajili ya nguo za harusi na alipe mwenyewe, wala hatumlaumu.

Tatu, safari ya mgonjwa ianzie zahanati, ipitie hospitali ya wilaya na Mount Meru, ifike KCMC huko Moshi, kisha Muhimbili. Na kwa kuwa safari yenyewe yaanza kwa kipimo, kila kituo kiwe na mizani ya watu wazima na kipimo cha urefu. Mtu asiyepimwa hana namba, na asiye na namba hana pa kuanzia madai yake. Nne, bima itakayolipia kisu ilipie na yatakayofuata. Kumpasua mtu Dar es Salaam kisha kumrudisha Nduruma bila vitamini, bila kupimwa damu na bila mganga ajuaye habari zake, ni kumtoa katika hatari moja na kumtia katika nyingine. Uangalizi huo na ufanyike Mount Meru, karibu na nyumbani kwake. Tano, tuanze na wachache walio mahututi zaidi, na idadi yao itangazwe kila mwaka, pamoja na mikoa watokayo. Ikionekana kwamba wote watoka mtaa mmoja wa Dar es Salaam, tutajua mara moja kwamba kuna mkono wa mtu.

Mwaka 1967 Azimio lililotangazwa Arusha liliwapa wananchi wa nchi hii ahadi ya usawa, na maradhi yalikuwa yamekwisha hesabiwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui wetu watatu. Adui maradhi amebadili nguo. Zamani alikuja na njaa na homa. Siku hizi aja pia na shibe. Tukiendelea kumpigia makofi kwa kuwa amenenepa, atatumaliza tukicheka. Na tukiisha kumtambua, silaha ya kumpiga igawiwe kwa haki, aipate mwenye kadi wa Nduruma sawasawa na mwenye cheo wa mjini.