Kinda wa shore na uzi mguuni



Siku moja baada ya swala ya Alasiri, kijana wa mtaani kwetu alitusogezea simu yake tuitazame picha aliyoipiga. Ilikuwa picha nzuri, wala hatutaki kumdhulumu kwa kusema vinginevyo. Kinda wa shore, yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, alikuwa juu ya tawi la mti wa mswaki, na mbele yake pana kichala cha matunda mekundu. Pembe za mdomo wake zilikuwa bado na umanjano wa utotoni. Waliokuwapo walisema "Maashaallah", nasi tukasema. Ndipo mtoto mmoja wa miaka minane hivi, mwenye macho makali kuliko sisi wazee, akauliza: "Ule uzi mguuni ni wa nini?"

Kijana hakuficha. Kila aliposogea, ndege waliruka. Alipomwona kinda huyu akirukaruka chini ya kichaka, alimkamata, akamfunga tawini kwa uzi wa cherehani, akayaondoa majani yaliyokuwa yakimkinga na jua, kisha akapiga picha. Hakutumia ulimbo wala manati, na uzi aliufungua alipomaliza. Tulipomuuliza kama mama yake kinda alirudi, alinyamaza.

Kuhusu picha za kamera zenyewe, wanazuoni wametofautiana tangu zamani. Wapo waliozikataza kwa kuziingiza katika Hadithi za taswira, na wapo waliozihalalisha, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, ambaye hoja yake ni kwamba kamera huzuia tu kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Lakini hata anayeifuata rai hiyo hakupewa ruhusa ya uzi.

Katika Sunan ya Abu Daud, Ibn Masud (R.A.) anasimulia kuwa walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.). Alipotoka kwa haja yake, wao walimwona ndege mdogo mwenye makinda wawili, wakawachukua makinda hao. Mama yao akaja akipigapiga mbawa zake. Mtume aliporejea aliuliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa ajili ya wanawe, akaamuru arudishiwe. Masahaba wale hawakuwa wamewachinja makinda wala kuwavunja mbawa. Kosa lilikuwa ule uchungu wa mama, nao ulitosha kutolewa amri.

Atatokea mwenye kusema kwamba Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume akimtania kwa ajili yake. Ni kweli, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, alitoa humo faida 60. Hata hivyo, wanazuoni walioruhusu mtoto kuchezea ndege waliweka sharti la kutomtesa. Mama wa shore aliyekuwa akilia juu ya mti siku ile hakuwa na wa kumsemea.

Na huo mti! Mswaki ndio araki ya Waarabu, ambao vijiti vyake twasugulia meno kabla ya swala. Jabir (R.A.) amepokea kuwa Masahaba walikuwa pamoja na Mtume huko Marr al-Dhahran, karibu na Makka, wakichuma matunda ya araki, naye akawaelekeza wachume yaliyo meusi kwa kuwa ndiyo mazuri zaidi. Matunda ya mti wa jamii hiyohiyo ndiyo anayoyatafuta shore, naye huzidondosha mbegu zake mbali, pengine pakaota mswaki mwingine.

Wazazi wawaambie watoto wao jambo ambalo wengi hatukufundishwa: kinda aliyetoka kiotani bila kujua kuruka vyema kwa kawaida hakutupwa. Wazazi wake wako jirani na chakula mdomoni, wanatuogopa sisi. Tukisimama pale nusu saa, ni nusu saa ya njaa kwake. Anayetaka picha na auchague mti wenye matunda yaliyoiva, akae mbali, jua likiwa mgongoni, asiwashe taa ya kamera wala asipige sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwahadaa. Matunda hayaishi kwa siku moja, na ndege aliyeyaonja leo hurudi kesho.

Yule kijana aliifuta picha yake mbele yetu, ingawa hatukumtaka afanye hivyo. Kwa siku nne alikwenda tena na yule mtoto, wakakaa chini ya ukuta. Picha waliyoileta ina ukungu kidogo, na jani limeficha jicho la ndege. Mtoto aliishika simu kwa muda mrefu akihesabu matunda yaliyobaki kwenye kichala.