Paulo naye alishtakiwa kuongoza genge



Ukirudi leo kutoka kanisani, fungua Matendo ya Mitume, sura ya 24, uisome taratibu kama unavyosoma habari za mahakamani katika gazeti hili. Mtuhumiwa yupo, na mtawala wa jimbo yupo. Wakili wa upande wa mashtaka ni bwana mmoja aitwaye Tertulo. Anaanza kwa kumsifu mtawala, jambo ambalo kwetu si geni, kisha anamgeukia Paulo. Anasema mtu huyu ni tauni, anachochea fujo duniani kote, na ni kinara wa kundi la Wanazareti.

Kinara wa kundi. Katika sheria zetu shtaka hilo lina jina linalojulikana hata vijijini: kuongoza genge la uhalifu. Limo katika Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa ya mwaka 1984, na tangu marekebisho ya 2016 adhabu yake haipungui miaka 20. Mara nyingi huambatana na shtaka la utakatishaji fedha, ambalo halina dhamana. Mshtakiwa husomewa, kisha huambiwa kwamba hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Anarudishwa mahabusu. Baada ya siku kumi na nne analetwa tena, anasikia upelelezi haujakamilika, anarudishwa tena.

Sitaki mtu adhani naandika kuwatetea majambazi. Mimi ni mtoto wa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa frateri, nikaona kwa macho yangu watu wakimiminika kutoka Rusumo. Inakadiriwa walivuka 250,000 katika saa ishirini na nne. Wengi walikuwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Baadhi walikuwa na bunduki, na bunduki hizo nyingine hazikurudi kwao. Kwa miaka mingi baadaye mabasi yaliyopita mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Nimezika watu waliouawa barabarani. Najua genge ni nini, na sitamlaumu mbunge aliyetaka sheria kali dhidi yake.

Lakini nakumbuka pia mwaka 1983. Nilikuwa na miaka kumi na tatu wakati Serikali ilipotangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Jirani yetu mwenye duka alifukia sabuni shambani usiku, zikaota mvua, na migomba ikawa inatoa povu. Tulicheka sana sisi watoto. Hatukujua kwamba watu walianza kukamatwa kwanza, na sheria ya kuwakamatia ikapitishwa Bungeni baadaye. Mwaka uliofuata sheria ile ilifutwa, ikaja hii ya 1984, iliyorudisha kesi hizo Mahakama Kuu. Ilikuwa hatua nzuri. Ila mazoea ya kukamata kwanza na kutafuta kosa baadaye hayafutwi kwa kubadilisha namba ya sheria.

Ndugu msomaji, unalikumbuka jina la Erick Kabendera, mwandishi wa habari mwenzetu wa Kagera? Alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam Julai 29, 2019. Polisi walisema kwanza kwamba wanachunguza uraia wake. Sisi wa mpakani hapo tulitikisa kichwa. Nani Ngara hajawahi kuulizwa babu yake alizaliwa upande gani wa mto? Hata Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alihojiwa na Uhamiaji kuhusu uraia wake. Baada ya uraia likaja suala la uchochezi. Agosti 5 Kabendera alipofikishwa Kisutu, mashtaka yakawa mengine kabisa: kuongoza genge la uhalifu, kutolipa kodi ya shilingi milioni 173, na kutakatisha fedha.

Soma sasa Injili ya Luka, sura ya 23. Mbele ya Baraza la wazee kosa la Yesu lilikuwa kufuru. Walipofika kwa Pilato, ambaye kufuru haikumhusu, kosa likageuka: anawazuia watu kulipa kodi kwa Kaisari. Hata kodi ilikuwamo.

Mama yake Kabendera alifariki siku ya mwisho ya mwaka 2019, mwanawe akiwa mahabusu. Mawakili waliomba aruhusiwe kuhudhuria mazishi; mahakama ikasema haina mamlaka. Februari 24, 2020 aliachiwa baada ya makubaliano na upande wa mashtaka. Shtaka la genge liliondolewa, naye akatiwa hatiani kwa mawili yaliyobaki, akatakiwa kulipa fedha nyingi. Mimi si hakimu wake. Nauliza tu: lile shtaka la genge, lililokuwa zito kuliko yote siku ya kwanza, lilikwenda wapi?

Mwana mwingine wa Kagera, James Rugemalira, alifikishwa Kisutu Juni 2017 katika kesi ya fedha za Escrow, kuongoza genge likiwamo. Alikaa miaka minne na zaidi. Septemba 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alisema hana nia ya kuendelea, mzee akaenda nyumbani. Katika suala la Escrow kanisa letu haliwezi kusimama pembeni likijifanya halijui kitu, maana mwaka 2014 ilitajwa Bungeni kwamba hata maaskofu na mapadri walipokea sehemu ya fedha hizo kutoka kwake. Tulipokea alipokuwa tajiri. Alipokuwa mahabusu, sijui kama tulimtembelea kwa idadi ileile.

Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Watu walishangilia. Agosti 5 mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Furaha ilidumu kwa muda wa kupanda maharage na kuyavuna.

Sasa nakuja kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nalisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe na mke wake, na sikulipata katika kitubio. Sitaji kigango wala mahakama, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha.

Ni muumini wangu, mwimbaji wa besi, dereva wa pikapu ya kukodi. Siku moja alibeba ndizi na mkaa wa mteja, pamoja na kijana mmoja wa kupakia mizigo. Chini ya ndizi askari wa wanyamapori walikuta viroba vya nyama ya nyati. Mteja alikuwa ameshuka njiani. Dereva na kijana wakashtakiwa kukutwa na nyara za Serikali na kuongoza genge la uhalifu. Genge la watu wawili, na mmoja wao hakuwa na hata simu.

Alikaa mahabusu mwaka mmoja na miezi saba. Mkewe aliuza ng'ombe, kisha akauza nusu ya shamba la migomba. Ndipo ikaja habari kwamba akikubali kukiri, shtaka la genge litaondolewa, atahukumiwa kwa kosa dogo, atalipa faini na fidia, aende nyumbani. Utaratibu huu uliingia katika sheria zetu mwaka 2019. Septemba ya mwaka huo Rais Magufuli aliwapa siku saba washtakiwa wa uhujumu uchumi waliotaka kukiri na kurudisha fedha, na DPP wa wakati huo, Biswalo Mganga, akatangaza kwamba wamejitokeza 467 walio tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Sina shaka kwamba wengi wao walikuwa wezi kweli. Lakini kwa utaratibu huo mwizi na asiye mwizi wanapita mlango mmoja, na anayetoka haraka ni mwenye kitu cha kuuza.

Liwali Feliki alimweka Paulo kifungoni miaka miwili. Luka anatuambia kwa nini: alitumaini Paulo atampa fedha, kwa hiyo alimwita mara kwa mara kuzungumza naye. Feliki alitaka fedha za mfukoni mwake, na hizi za kwetu zinapaswa kwenda hazina; tofauti hiyo ni kubwa na siifichi. Kwa aliyeko ndani, hata hivyo, mlango unafunguka kwa njia ileile.

Dereva wangu alikubali. Sheria inataka anayekiri kwa makubaliano aapishwe kwanza. Akashika Biblia, akasema mambo ambayo hayakutokea. Jumapili iliyofuata alikuja Misa, akakaa benchi la mwisho, na wakati wa komunyo hakusimama. Ilikwenda hivyo miezi mitatu. Ndipo nikamfuata kwake.

Aliniuliza, "Baba, nilitenda dhambi?"

Kipalapala tulifundishwa kwamba dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili. Nilimweleza kwamba mtu aliyefungiwa miezi kumi na tisa, mke akiuza shamba, hana ridhaa kamili. Hatia yake inapungua, na huenda inapungua sana. Alinisikiliza kwa adabu.

"Lakini nilisema kweli au nilisema uongo?"

"Ulisema uongo," nikajibu.

"Basi ndiyo hiyo, Baba."

Mtakatifu Thomaso wa Akwino ana swali zima kuhusu mshtakiwa. Anasema mshtakiwa anaruhusiwa kunyamaza pale asipoulizwa kwa haki, ila haruhusiwi kujitetea kwa uongo. Kuhusu mtu anayejipatia uhuru kwa kujisingizia, sikukumbuka somo lolote. Na baya zaidi alilitaja yeye mwenyewe: yule kijana wa kupakia mizigo hakuwa na shamba la kuuza. Bado yuko ndani. Kila neno ambalo dereva alilikiri linamwangukia yeye.

Hapo niliacha kuhubiri, nikatafuta wakili. Parokia ilichanga, WAWATA wakitoa zaidi ya wote. Nimejifunza mambo ambayo seminari haikunifundisha, nawe msomaji unaweza kuyahitaji kesho. Mahakama ya chini haiwezi kusikiliza kesi ya uhujumu uchumi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka na hati ya kuipa mamlaka. Mahakama ya Rufani imefuta hukumu za watu waliokwisha kutumikia miaka kwa sababu karatasi hizo zilikosekana au zilikosewa. Nyama inayooza haiwezi kuletwa siku ya ushahidi, kwa hiyo huorodheshwa na kuteketezwa kwa amri ya hakimu, na mshtakiwa lazima awepo na asikilizwe. Wakili alimwuliza kijana kama alipelekwa mbele ya hakimu kuiona nyama. Kijana akasema nyama aliiona mara moja tu, usiku, kwa tochi.

Paulo naye hakujitetea kwa kulia. Alihesabu siku: tangu nifike Yerusalemu hazijapita kumi na mbili. Aliuliza walipo wale Wayahudi wa Asia walioanzisha madai, kwa nini hawako hapa kusema wenyewe. Alitaka tarehe na mashahidi. Na Festo, aliyempokea Feliki, alikiri kwamba ni upuuzi kumpeleka mfungwa mbali bila kuonyesha mashtaka yake ni nini. Mpagani yule aliliona hilo.

Nikuulize wewe unayesali nami. Dereva alipokamatwa, jumuiya yake ndogondogo ilimwondoa mkewe katika uweka hazina wiki hiyohiyo. Hakuna aliyemwambia sababu. Kwaya ilimpa mtu mwingine sauti yake. Jirani waliacha kuazima jembe. Hakimu alikuwa bado anasema upelelezi haujakamilika, lakini sisi tulikwisha kukamilisha wa kwetu. Hata mimi, nitasema ukweli, nilichelewa miezi minne kwenda kumwona gerezani, kwa kuogopa watu watasema padri anapatana na majangili.

Kesi ya kijana itasikilizwa Alhamisi. Wakili anasema dereva anaweza kuitwa kuwa shahidi wa utetezi, aeleze nyama ilikuwa ya nani na nani aliipakia. Akifanya hivyo ataulizwa mara moja: siku ile ulipoapa ulisema vingine, ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa? Jibu lolote lina hatari kwake, na wakili amemweleza wazi. Mkewe hataki aende. Sikumshauri aende, wala sikumshauri asiende. Amenijia jana jioni kuniomba nauli ya watu wawili. Mkewe amesema kama ni lazima, watakwenda pamoja.