Kama Ni Sheria, Niachie Karatasi

Vijana wenzangu wa kalamu, huku kwetu Ufipa wito wa serikali mara nyingi hauji kwa barua. Unaletwa na mgambo, na mgambo ana neno moja tu: "Unaitwa." Na nani? "Utajua hukohuko." Majirani wakishamwona mlangoni, wewe ni mwizi tayari, hata kandambili hujavaa.

Mimi nasema wito wa namna hiyo sio sheria, ni vitisho. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kifungu cha 10, ilitaka polisi anayepeleleza amwite mtu kwa amri ya maandishi. Maandishi, jamani! Karatasi ndiyo inayombana mkubwa asije akaruka kesho. Eti itamshtua mhalifu akimbie? Mhalifu wa kukimbia hukamatwa, haitwi.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru mtu atoe taarifa alizonazo, bila kupita kwa hakimu. Aombe mwenyewe, asaini mwenyewe! Maxence Melo wa JamiiForums aligoma kuwataja watu walioandika kwa majina ya bandia. Desemba 2016 akakamatwa, akashtakiwa kwa kuzuia upelelezi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaitupa kesi ya kupinga vifungu hivyo. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani: faini shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja.

Mtasema hayo ni ya Dar. Haya, nani kati yetu hapa Sumbawanga hana jina la kubuni? Riwaya yangu ina diwani mla rushwa. Mnadhani nitaitoa kwa jina la ubatizo? Majina yetu ya kweli yamo kwenye daftari la mhariri. Amri ikienda kwake, mimi mwenye jina siambiwi kitu. Nitajiteteaje kwa jambo nisilolijua?

Ninadai mawili tu: karatasi mkononi mwa anayedaiwa, na sahihi ya hakimu aliyesikiliza sababu. Asiyeweza kumweleza hakimu anachokitafuta, hana haki ya kukitafuta kwangu.

Mpaka hapo, mhariri, daftari lile lifungie kabatini.