Gofu ya Waliocheleweshwa

Toleo hili tumelitenga kwa wazee wanaocheza gofu. Wapo wasomaji watakaouliza kwa nini tuwape kurasa zetu watu wachache, tena wazee wa hao wachache. Jibu letu ni kwamba chama cha wazee wa gofu, tangu kilipobuniwa mara ya kwanza, kilikuwa cha watu waliokutana na mchezo huo umri ukiwa umeshasogea. Hapa Nairobi wengi wao hawakuchelewa kwa kupenda: walicheleweshwa. Kwa hiyo anayetaka kujua gofu ya Waafrika ilianzaje katika jiji hili hana budi kuanza na wazee, na akianza na wazee atagundua kwamba wengine wao bado wamesimama nje ya lango.

Tuanzie mbali. Mwaka 1905, katika klabu ya Apawamis mjini Rye, jimbo la New York, Horace Hotchkiss aliwakusanya wachezaji waliofikisha miaka 55 ili washindane wao kwa wao. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: mtu wa miaka 60 asipimwe kwa kijana wa miaka 25, apimwe kwa rika lake. Watu walijitokeza, wakarudi mwaka uliofuata, wakazidi kuongezeka, hata mwaka 1917 mashindano hayo yakazaa chama rasmi cha wazee wa gofu wa Marekani. Wakanada wakaunda chao mwaka 1918, na Waingereza mwaka 1926. Mwaka 1937 wachezaji wa kulipwa nao wakaanzishiwa ubingwa wao wa wazee, na mara ya kwanza ulichezwa Augusta, jimbo la Georgia.

Katika kusimulia habari hiyo, watu husahau jinsi mchezo wenyewe ulivyokuwa mchanga Marekani. Klabu ya St Andrew's ya Yonkers, mojawapo ya kongwe zaidi nchini humo, ilianzishwa mwaka 1888. Aliyekuwa na miaka 55 pale Rye alikuwa ametimiza 38 wakati gofu inaanza kushika mizizi kwao. Wazee wale, kwa sehemu kubwa, hawawezi kuwa mabingwa wa zamani waliokuja kukumbushana enzi zao. Walijifunza ukubwani, viungo vikiwa vimeshakakamaa, na hawakuwa na ujana wa gofu wa kuusimulia. Walichotaka ni nafasi ya kushindana kwa haki katika miaka waliyobakiwa nayo. Wahenga walisema kawia ufike, nao walifika.

Mwaka huohuo wa 1905 Nairobi ilifanywa makao makuu ya utawala wa Waingereza badala ya Mombasa, miaka sita tu tangu reli ifike kwenye kinamasi hiki. Mwaka 1906 ikaanzishwa Klabu ya Gofu ya Nairobi, na mwaka 1935 Mfalme George wa Tano akaipa hadhi ya kifalme. Ndiyo Royal Nairobi ya Barabara ya Ngong tunayoijua leo. Watumishi wa reli walipata kiwanja chao mwaka 1922, karibu kabisa na katikati ya jiji, kando ya Uhuru Highway. Kule Kabete watumishi wa maabara ya mifugo wakaanzisha klabu ambayo hadi leo inaitwa Vetlab. Karen Country Club ikafunguliwa mwaka 1937, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, aliyeondoka nchini mwaka 1931. Ukitoka katikati ya jiji ukashika njia ya magharibi, unapita historia ya ukoloni ikiwa imepandwa nyasi na kufyekwa kila wiki.

Waliozipanda na kuzifyeka nyasi hizo walikuwa Waafrika, lakini waliocheza juu yake walikuwa Wazungu. Jiji liligawanywa kwa rangi hata katika starehe: Wagoa walikuwa na Goan Gymkhana yao, Masingasinga Sikh Union yao. Mwafrika aliingia klabu ya gofu kwa mlango wa kazi. Alikuwa mpishi, mhudumu wa meza, mkata nyasi, au kedi wa kubeba mfuko wa fimbo, tena katika miaka ambayo kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alilazimika kutembea na kipande cha utambulisho. Kedi alitembea mashimo yote 18 pamoja na bwana wake. Alijua upepo wa kila shimo na mteremko wa nyasi zake, naye alijua kosa la mpigaji kabla mpira haujatua. Ujuzi wote huo aliubeba pamoja na mfuko, na jioni ilipoingia aliuweka chini na kurudi nyumbani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, milango ilianza kufunguka, na walioingia kwanza walikuwa watu wazima: makatibu wa wizara, mawakili, mameneja wa benki, wabunge. Mwai Kibaki, ambaye mapenzi yake kwa gofu yalijulikana nchi nzima na ambaye klabu ya Muthaiga ilikuwa kama nyumbani kwake, alizaliwa mwaka 1931. Mwafrika wa rika lake hakuweza kulelewa kwenye klabu hizo akiwa mtoto, kwa kuwa mtoto Mwafrika hakuwa na nafasi humo isipokuwa ya kubeba mfuko. Kibaki alitimiza miaka 55 mwaka 1986, akiwa Makamu wa Rais. Hesabu hiyo inaelekea kuwafaa wenzake wengi. Walianza gofu wakiwa na miaka thelathini au arobaini na kitu, wakacheza mwishoni mwa wiki kwa sababu kazi haikuwaachia siku nyingine, na walipoanza kuupata mchezo sawasawa tayari walikuwa wanaitwa wazee.

Tena miaka 55, umri aliouchagua Hotchkiss, ndiyo iliyokuwa miaka ya mtumishi wa serikali ya Kenya kustaafu, mpaka ilipoongezwa kuwa 60 mwaka 2009. Mtu aliamka Jumatatu bila ofisi, bila dereva na bila faili mezani. Klabu ilimpa mahali pa kwenda asubuhi, watu wa kumngojea, na kazi ya kufanya kwa mikono yake. Anayeliona hilo kuwa dogo hajawahi kumtazama mstaafu akihesabu madirisha ya sebule yake.

Tazama shimo moja tu la kiwanja chochote upande wa Barabara ya Ngong. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kidogo kuliko Mombasa. Hiyo ndiyo zawadi ya Nairobi kwa mabega yaliyochoka. Lakini mpira ukitoka njiani ukazama kwenye nyasi, fidia inalipwa papo hapo. Nyasi za kikuyu, zilizotoka kwenye nyanda hizi za juu na kusambaa hadi viwanja vya gofu vya California na Afrika Kusini, zina mashina ya kutambaa yanayoifunga fimbo inapopita. Kijana hutumia nguvu za kiganja na kuuchomoa mpira. Mzee wa miaka 70 hana nguvu hizo. Anasimama, anautazama mpira, kisha anamtazama kedi wake. “Mzee, chukua namba tisa, rudi njiani kwanza,” kedi anasema. Anayesema hivyo mara nyingi ana mvi kama za anayeambiwa. Wote wawili ni wazee, na wote wamekijua kiwanja hiki kwa miaka mingi, lakini ni mmoja tu atakayeandikwa kwenye kadi ya alama.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Ikiwa gofu ya wazee ni gofu ya waliocheleweshwa, hakuna aliyecheleweshwa kuliko kedi. Katibu wa wizara alingoja hadi uhuru. Kedi bado anangoja. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walitoka miongoni mwa makedi, wakijifunza kwa fimbo za kuazima na mipira waliyoiokota vichakani. Hata hivyo, tangu Kenya Open ianze mwaka 1967 hakuna Mkenya aliyewahi kuitwaa. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo iko wazi: tuliwaacha wenye kipaji wakaanza mchezo kwa mlango wa nyuma, tukawafungulia wa mbele ujana ukiwa umekwisha.

Marekani ilifanya vivyo hivyo, na safari ya mtu mmoja inaonyesha gofu ya wazee inaweza kurekebisha nini. Charlie Sifford, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1922, alianza kama kedi huko Charlotte, North Carolina. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha nchi yake kilikuwa na kifungu kinachowaruhusu Wazungu pekee, na hakikukifuta hadi mwaka 1961, Sifford akiwa na miaka 39. Alishinda mashindano ya Hartford mwaka 1967 na Los Angeles Open mwaka 1969. Kisha mwaka 1975, akiwa na miaka 52, akawa bingwa wa wazee wa wachezaji wa kulipwa. Ujana wake haukurudishwa, na hakuna mashindano yanayoweza kuurudisha. Lakini alipata uwanja wa kuonyesha, jina lake likiwa limeandikwa ubaoni, kwamba uwezo ulikuwepo siku zote. Mwaka 2004 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Gofu Duniani.

Tunajua pingamizi. Kuna anayesema gofu inakula ardhi na maji katika jiji ambalo familia za Kibera, jirani kabisa na Royal Nairobi, zinanunua maji kwa mtungi. Hoja hiyo ni ya kweli, na hatuna nia ya kuipuuza. Lakini inatupa sababu zaidi ya kuuliza nani ananufaika na ardhi hiyo, hasa tukikumbuka kwamba makedi wengi wa viwanja hivi hutoka mitaa hiyohiyo. Wapo pia wanaosema mzee wa Kenya ana shida kubwa kuliko gofu. Ni kweli. Wengi waliofikisha miaka 70 hutegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii. Ila Katiba ya 2010 haikuishia kwenye chakula. Ibara ya 57 inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, na kuishi kwa heshima. Mchezo umo ndani ya haki hiyo. Umo pia ndani ya afya: utafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wachezaji wa gofu wapatao 300,000, ulikuta kwamba kiwango chao cha vifo kilikuwa chini kwa asilimia 40 kuliko cha watu wa umri, jinsia na hali ya maisha kama yao. Huenda wenye afya ndio wanaovutwa na gofu kwanza. Hata hivyo, kutembea saa nne ukiwa na wenzako, chini ya miti, hakuna daktari atakayekukataza.

Kwa hiyo tunawaomba wasimamizi wa klabu za Nairobi mambo matatu, na makala za toleo hili zinaeleza kila moja kwa kirefu. La kwanza, fungueni makabati. Vitabu vya mashindano, picha na kumbukumbu za vikao vina habari za wazee wa kwanza Waafrika waliocheza hapa, na karatasi hazingoji. La pili, andikeni daftari la makedi: jina, mwaka alioanza, viwanja alivyotembea. Mtu aliyebeba mifuko miaka arobaini hulipwa kwa raundi na kuondoka bila pensheni, na hata jina lake huondoka naye. Sehemu ndogo ya malipo ya kila raundi, ikiongezwa na mwanachama na kuwekwa kwenye akiba ya kedi, ingetosha kuanzia. La tatu, katika mashindano ya wazee ya mwaka huu wekeni kundi la makedi waliotimiza miaka 55, wacheze bila ada, kwa handikapu kama wengine, na mshindi wao aandikwe kwenye ubao uleule wa mabingwa.

Hatuombi hisani. Hotchkiss na wenzake waliunda chama chao kwa sababu waliamini kwamba aliyechelewa kuanza bado anastahili ushindani wa haki. Wazee wetu waliofunguliwa milango baada ya 1963 wanalijua jambo hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu wao wenyewe waliwahi kusimama nje. Ndio wanaokaa leo kwenye kamati, ndio wanaopanga kalenda ya mashindano, na kalamu iko mikononi mwao. Tunawataka waitumie kabla kalenda ya mwaka ujao haijachapishwa.