Hawakufa Maji

Bila shaka unawakumbuka wale makadeti wa ubaharia waliotutembelea muhula wa kwanza, mashati meupe pepepe. Wawili kati yao hawapo tena. Bahari haikuwaua. Gari walilopanda kurudi Mombasa liligonga lori usiku, karibu na Voi.

Walitueleza kuwa kadeti wa sitaha hukaa baharini miezi isiyopungua 12 ndipo apate cheti cha afisa. Jaketi la kuokolea maisha wakatufunga wenyewe, tukacheka. Je, dereva wa lile gari alifunzwa miezi mingapi?

Matangani watu walisema eti siku yao ilifika. Hapo mimi nakataa kata kata! Kanuni za Michuki zilianza Februari 2004: mikanda kwa kila abiria wa matatu, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Mikanda ilikuwemo garini, tuliambiwa, imesokomezwa chini ya viti.

Lakini nisijitie utakatifu. Juzi tukitoka tamasha la muziki, nani alipiga kelele, "Ongeza moto, dere!"? Ni sisi wa viti vya nyuma. Mkanda wangu nilikuwa nimeukalia.