Paa Lifungwe Kabla ya Masika

KATIKA Kenyamonta, wilayani Serengeti, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Mara, nyumba ya matofali ya kuchoma na bati inazidi kuchukua mahali pa nyumba ya nyasi. Hayo ni matunda ya jasho la wananchi. Lakini bati si nyasi. Upepo unaotangulia mvua huingia kwa dirisha lililo wazi ukalisukuma paa kutoka chini, huku ule upitao juu ukilivuta. Paa jepesi halianguki, hung'oka.

Kosa hufanyika siku ya kupaua. Fundi hufunga kenchi kwa waya uliobanwa chini ya safu ya mwisho tu ya matofali, tena yaliyojengwa kwa udongo. Upepo hauna haja ya kukata waya huo. Huondoka na paa pamoja na matofali, nayo huwaangukia waliolala. Dawa ni waya ule ule, ila ushikizwe safu tano au sita chini zaidi, ili uzito wa ukuta wenyewe ulizuie paa. Nyumba iliyokwisha kuezekwa nayo haijachelewa: ukuta utobolewe hapo, waya upitishwe, uzungushwe juu ya kenchi na kukazwa kwa koleo.

Mnunuzi naye asidanganyike dukani. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa.

Dhoruba ikija, madirisha yafungwe, lakini jiko la mkaa libaki nje. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Wapo watumishi na walimu wanaoona paa limelegea wakanyamaza, eti nyumba ni ya serikali. Matofali hayaulizi hati ya nyumba. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha vijiji kuchimba vyoo na kuchemsha maji kwa redio na vikundi vya kujisomea, na walimu walikuwa miongoni mwa waliowaongoza wananchi. Kazi ya sasa ni ndogo kuliko ile. Ngazi, koleo na mzingo wa waya vyatosha kuanza Jumamosi hii, na shuleni kazi ianzie darasa la watoto wadogo.